Mkanda wa Chini ya Goti

Tibirinzi, Chake Chake
6 Juni 2022

Bi Mwatum,

Assalaam alaykum. Najua ukiuona mwandiko huu utataka kuichana barua. Isome kwanza, halafu uichane ukipenda. Ndani yake mna mambo ya mguu wa Bwana Mmanga, na sina pengine pa kuyapitisha. Simu tulijaribu mwezi wa Machi, mimi na wewe, tukaishia kukatiana. Yeye mwenyewe hawezi kutusemea. Tangu kiharusi kimwangushe mwezi wa Februari, kinachomtoka mdomoni ni "ba", na ukimuuliza mara ya pili anageuza uso.

Kaka yako alikuja kunieleza kuwa unadai zamu zako. Sibishi. Wewe ni mke mkubwa, una miaka ishirini na sita naye, mimi nina sita. Nilimbakisha hapa kwa sababu hospitali iko karibu. Nimekubali aje Shumba wiki moja. Lakini anakuja na kifaa, na lazima ujue kukitumia.

Amepewa na Ahmada, daktari wa mazoezi pale hospitali. Ni mkanda unafungwa mguu wa kulia, chini ya goti. Ndani una vibandiko viwili vinavyogusa ngozi, na kila anaponyanyua mguu kupiga hatua, unapeleka umeme mdogo kwenye mshipa wa fahamu, na vidole vinanyanyuka badala ya kuburura chini. Usiogope. Umeme wenyewe ni kama mchwa wakitembea.

Papasa upande wa nje wa goti, kuna kijifupa kimetokeza. Kibandiko cha juu kinakaa chini kidogo ya hicho. Kilowanishe kwa maji kabla. Kwenye rimoti weka nambari nne, usizidishe, kwa sababu mguu ule hauhisi vizuri na hataweza kukwambia. Akioga au akilala, mvue. Kitie chaji wakati umeme upo.

Kifaa ni kimoja na wagonjwa wanapokezana, miezi mitatu kila mtu. Chake kinarudi tarehe mosi Septemba.

Barua nampa Mabruki, dereva wa gari ya Konde. Ndiye atakayemleta.

Wasalaam,
Mgeni Safari


Shumba Mjini
11 Juni 2022

Mgeni,

Salaam zimefika. Barua sijaichana.

Mmanga kashuka garini Jumanne, kakonda. Kanzu inamning'inia kama imeanikwa. Mkanda nimemfunga kama ulivyosema, mara ya kwanza nikamfunga kinyume, mguu ukaruka akapiga teke sufuria ya mchuzi. Alicheka. Nusu ya mdomo ilicheka, nusu ikabaki. Nikaenda uani nikakaa huko.

Unanifundisha mguu wa Mmanga. Mguu ule mie naujua una kovu la msumari kwenye kisigino, alilipata akijenga nyumba hii ninayokaa. Wewe ulipoolewa kovu lilikuwa lishapona.

N'na suala moja, nijibu bila ya kuzunguka. Aliangukia kwako, akishona. Ilikuwa saa ngapi, na hospitali mlifika saa ngapi? Watu wanasema alikaa chini muda mrefu. Nimeuliza kwa simu ukakata.

Na la pili. Huko anasema chochote? Hapa "ba" tu.

Mwatum Bakar


Tibirinzi
17 Juni 2022

Bi Mwatum,

Amerudi na alama. Chini ya kibandiko cha juu ngozi imeungua, nyekundu, ukubwa wa kifungo cha shati. Nilipomvua mkanda nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Yeye ananitazama tu, hata hajui nalilia nini, kwa sababu hahisi!

Niliandika nambari nne. Rimoti ilikuja na nane.

Ahmada amekichukua kifaa mpaka ngozi ipone, siku kumi. Siku kumi katika miezi mitatu, Bi Mwatum. Amesema kibandiko kilikuwa kikavu na umeme ulikuwa mkali. Nilimwambia nilikosea mimi. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Sasa anakaa kwenye cherehani lake kutwa. Anauweka mguu wa kulia juu ya pedeli na kulisukuma goti kwa mkono wa kushoto, pedeli inakwenda nusu na kurudi. Kitambaa hata hajaweka. Anafanya hivyo toka asubuhi, nami niko skuli na watoto wa maandalizi arubaini, nafundisha kuhesabu huku naisikia ile pedeli kichwani.

Hatakuja Shumba kwa sasa.

Mgeni


Shumba Mjini
21 Juni 2022

Mgeni,

Ni mie niliyezidisha. Nimekosa, na nakwambia mwenyewe usije ukatafuta mchawi.

Ilikuwa Ijumaa. Kwa nne alikuwa anakwenda, lakini kidole gumba kinakwaruza, kshh, kshh, na barabara ya hapa ina mawe. Nikapandisha sita. Nikapandisha nane. Mguu ukasimama kama wa askari. Akanishika bega akatoka, hapo kwenye ngazi akaniacha, akenda msikitini peke yake na bakora. Mgeni, ungewaona watu. Wale waliokuja kunihani na mume angali hai, walitoka barazani kutazama. Mzee Vuai akasema, "Mmanga, ni wewe?" Mie nimesimama mlangoni na upawa mkononi. Nilikuwa natazama mguu. Sikufikiria ngozi.

Kibandiko sikukilowanisha mara ya pili. Nilisahau kwa furaha.

Mpake asali. Na kama ulimwambia daktari ulikosea wewe, ahsante, lakini usinifanyie tena. Sipendi kudaiwa wema.

Masuala yangu mawili hujayajibu.

Mwatum


Tibirinzi
13 Julai 2022

Bi Mwatum,

Idd njema iliyopita. Ngozi imepona. Mkanda umerudi na anatembea, mpaka dukani na kurudi bila ya kushika mtu. Juzi amepanda ngazi za msikiti wa hapa.

Lakini hatulii. Alikuwa anaungoja mkanda kwa ajili ya cherehani. Siku aliyorudishiwa akaufunga mwenyewe, akakaa, akaweka mguu juu ya pedeli, akasubiri. Hakuna kitu. Akabonyeza rimoti, akapandisha, akasubiri. Mimi nimesimama nyuma yake sijui la kufanya. Tulipokwenda kwa Ahmada akatueleza: mkanda unajua hatua kwa jinsi muundi unavyolala na kuinuka mtu anapokwenda. Mtu akikaa kitako muundi hauendi, na mkanda unadhani amepumzika. "Hiki cha kutembelea, Mzee Mmanga," alisema, "hakijui kushona." Bwana akaitupa rimoti ukutani. Haikuvunjika, alhamdulillahi. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikwenda mbele yangu, haraka, vidole vinanyanyuka kila hatua, amenuna kama mtoto.

Suala lako la pili: bado hasemi.

La kwanza. Nilikuwa skuli. Alianguka kabla ya adhuhuri, kwani pasi ya mkaa ilikuwa imezimika, na yeye huiwasha saa nne. Mimi nilirudi saa saba na nusu. Siku ile tulikuwa na kikao cha wazazi, na simu niliizima. Nilimkuta kati ya kiti na cherehani, macho wazi. Hospitali tulifika saa nane. Kwa hiyo watu wanasema kweli, alikaa chini muda mrefu. Sijamwambia mtu mwengine. Nikikata simu ndiyo sababu.

Mgeni


Shumba Mjini
18 Julai 2022

Mgeni,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara moja shambani.

Ingekuwa hapa, mie ningekuwa kwenye mihogo. Ningerudi alasiri kwisha.

Mlete Mmanga. Safari hii namba nne. Maji nimeweka kwenye kopo karibu na kitanda.

Mwatum


Tibirinzi
22 Agosti 2022

Bi Mwatum,

Hii ni barua ya tatu bila ya jibu. Mabruki anasema anakukabidhi mkononi. Anasema pia Bwana anaonekana njiani kila siku, mpaka sokoni, na anapungia mkono magari. Nimefurahi, wallahi, lakini ni wiki ya tano na tulisema mbili.

Zamu si kitu sasa. Nakuandikia habari ya kifaa. Tarehe mosi ni Alkhamisi ya wiki ijayo na Ahmada ameshaniuliza mara mbili. Anayefuata ni Bi Mwanawema wa Kiuyu. Ana miaka ishirini na tisa, kiharusi kilimpata siku ya tano baada ya kujifungua. Mguu wake umekuwa kama wa Bwana. Mtoto ana miezi minane na hajawahi kumbeba hata kutoka chumbani mpaka uani, anaogopa kujikwaa akaanguka naye. Nakutana naye kila Alkhamisi pale benchini. Anasubiri foleni hii tangu Mei.

Tafadhali mpe Mabruki kifaa, rimoti na chaja yake.

Mgeni


Shumba Mjini
28 Agosti 2022

Mgeni,

Kifaa kimeingia maji. Kilikuwa juu ya ndoo ya nguo, kikatumbukia. Nimekianika juani siku mbili, hakiwaki. Mwambie daktari nasikitika sana.

Mmanga mzima. Anakula.

Mwatum


Tibirinzi
3 Septemba 2022

Bi Mwatum,

Mabruki alimuona Bwana jana, Ijumaa, akitoka msikitini. Upepo uliinua kanzu, na chini ya goti kuna kitu cheusi. Nilimwambia Mabruki hakuona vizuri. Nimekuwa hodari sana wa kukusemea.

Na juzi, Alkhamisi, nilikwenda hospitali na barua yako mkobani nikasema kama ulivyosema. Kimeingia maji. Ahmada alikaa akafunika uso kwa mikono, kwani hana kifaa chengine. Bi Mwanawema alikuwepo. Mama yake alikuwa amempakata mtoto upande wa pili wa benchi. Bi Mwanawema mwenyewe alinisikia, na unajua alisema nini? "Usijilaumu, dada, maji hayana adabu." Akanipa pole mimi! Akanyanyuka, akaenda kwenye mazoezi yake, mguu unakwaruza sakafu, na mtoto anamnyooshea mikono akipita.

Tangu hapo sijakaa. Naanza kufua naacha, naanza kupika naacha. Wanafunzi nimewakaripia bila kosa.

Naelewa kwa nini umefanya. Ukimvua mkanda ule mguu unarudi kama zamani, nami nimeuona ukirudi zile siku kumi. Ningekuwa mimi huenda ningefanya lilelile. Lakini sikulifanya, na uongo nimeshausema.

Sasa nakwambia langu, kwa kuwa siwezi kukuita mwongo nami nina wangu. Uliniuliza mara mbili kama anasema. Tarehe 2 Juni, siku ya pili ya mkanda, pale hospitali, mguu uliponyanyuka wenyewe kwa mara ya kwanza alisimama katikati ya chumba akasema neno. Alisema "Mwatum." Wazi, kama unavyolitamka wewe. Ahmada akafurahi, akanigeukia, "Anakwita, Bi Mgeni?" Nikasema naam.

Miezi mitatu nimelificha. Nimekuandikia "ba", nimekuandikia "bado". Lilikuwa lako na nimekunyima.

Rudisha kifaa, Bi Mwatum. Nakuomba.

Mgeni


Shumba Mjini
8 Septemba 2022, asubuhi

Mgeni,

Yuko kwako? Nakupigia simu haipatikani. Mabruki anawasha gari, nakuandikia nimesimama.

Barua yako niliipata Jumapili. Niliisoma nikaiweka chini ya mkeka. Leo nimetoka alfajiri kwenda kutia mbolea, nimerudi, mkeka umefunuliwa. Barua iko juu ya kitanda, imekunjuliwa. Sikujua kama bado anaweza kusoma! Wewe ulijua? Sote tumeandikana juu ya kichwa chake kama mtu hayupo.

Hayupo yeye, haipo bakora, hakipo kifaa wala chaja. Jirani kamuona akipanda gari ya abiria nyengine, saa kumi na mbili na nusu. Peke yake, Mgeni. Na kuzungumza hawezi, atawaambia nini ateremke wapi?

Nijibu na Mabruki huyuhuyu. Nakaa hapa barabarani mpaka arudi.

Mwatum


Tibirinzi
8 Septemba 2022, baada ya adhuhuri

Dada Mwatum,

Yupo. Mzima. Ondoka barabarani ukale.

Simu yangu huwa naizima nikiwa darasani, unalijua hilo na unajua limenigharimu nini, na bado sijaacha. Ahmada alipiga simu ya ofisini kwetu. "Bi Mgeni, mumeo yupo hapa." Nikamuuliza kaletwa na nani. "Kaja mwenyewe. Njoo upesi, sijui anataka nini." Nikawaacha watoto kwa mwenzangu nikaenda karibu ya kukimbia.

Nimemkuta amekaa benchini pembeni mwa Bi Mwanawema, kwani leo Alkhamisi, siku ya mazoezi yao. Kanzu amepandisha hadi gotini. Aliponiona hakunisalimu. Akaufungua mkanda kwa mkono wa kushoto, taratibu, ulimkwama akakataa nisimsaidie. Akaupangusa ndani kwa upindo wa kanzu, akauweka kwenye mapaja ya Bi Mwanawema. Na rimoti. Na chaja, waya ameuviringa vizuri kama anavyoviringa uzi.

Ahmada akanitazama. "Si uliniambia kimeingia maji?"

Kabla sijajibu, Dada Mwatum, Bwana akanyanyua mkono akajipiga kifua. Mara mbili. Kama anayesema, ni mimi. Ahmada akamuuliza, "Wewe, mzee? Wewe ndiye uliyekizuia?" Akajipiga tena. Ahmada si mjinga, alinitazama mimi, akamtazama yeye, akasema, "Haya. Yamekwisha." Akapiga magoti kumfunga Bi Mwanawema.

Alianza na mbili, akaja tatu. Kwa nne vidole vilinyanyuka. Yule mama alikwenda mpaka ukutani akageuka, akarudi, akageuka tena. Mara ya nne akamwendea mama yake akanyoosha mikono. Ahmada akasema leo mapema mno. Bi Mwanawema akasema, "Nishikeni nyote basi," na tukamshika kweli, mimi upande mmoja na Ahmada upande mwengine, akambeba mwanawe kutoka benchi hadi dirishani. Hatua tisa. Mtoto akamvuta mtandio.

Nilipogeuka, Bwana alikuwa ameshatoka nje.

Nimemkuta njiani. Mguu umeanguka, kshh, kshh, kiatu kinachimba mchanga. Ahmada anasema kuna nguvu kidogo iliyobaki, si kama mwanzo, lakini si ule mguu uliouona kwako. Tumekwenda mwendo wa dakika kumi kwa saa nzima, tumekaa mara tatu. Nimemwambia, "Bwana, nisamehe." Akaniwekea mkono kichwani, ule mzima.

Tulipofika nyumbani akasimama mbele ya cherehani. Akalishika gurudumu. Akasema, na safari hii nakuandikia wino haujakauka, akasema: "Cherehani. Shumba."

Nilijifanya sikusikia. Akarudia.

Nilikaa jikoni kidogo. Nimerudi. Mabruki anasema atalichukua Jumatatu akipata watu wawili wa kulipandisha juu ya gari, nimeshapata. Bwana atakuja nalo. Sindano zimo kwenye kopo la maziwa, mafuta ya mashine nimeyafunga mbali. Ukiona mkanda wa gurudumu umelegea, ukate kidogo uunge.

Mgeni


Shumba Mjini
1 Oktoba 2022

Mgeni, mwenzangu,

Cherehani lilifika salama, limekaa ukumbini panapoingia mwangaza, na tangu lifike sina nyumba. Vipande vya nguo kila pembe.

Anakanyaga kwa mguu wa kushoto. Wiki ya kwanza pedeli ilikuwa inamrudia nyuma na uzi unakatika, akawa anapiga ngumi meza mpaka kuku wanakimbia. Mie nikakaa upande wa gurudumu nikawa namsukumia kwa mkono. Amenikaripia kwa macho, nakwenda mbio, nakwenda polepole. Nimekuwa mwanafunzi wa cherehani na miaka hamsini yangu. Sasa gurudumu analianza mwenyewe. Kitambaa anakishika kwa kushoto, na upande wa kulia anaulalia kwa ule mkono uliokufa kama jiwe la kuzuia karatasi. Mshono unakwenda kombo.

Nilidhani atashona kanzu. Hakushona. Alichukua suruali yake ya kaki ya zamani akaikata. Siku tatu anakata, anashona, anafumua, nami sijui ni kitu gani, nikimuuliza ananipungia nitoke. Jana kanionesha. Ni mkanda, unafungwa chini ya goti kwa vifungo, na umetoka utepe wenye lastiki unateremka mpaka kwenye kiatu, unaikamata pua ya kiatu na kuivuta juu. Hauna umeme wala chaja. Ukioga unavua, ukitaka unafua.

Amekwenda nao msikitini. Si kama ule wa nane. Anachechemea, na kona ikiwa kali anasimama kwanza akaitazama. Lakini pua ya kiatu haichimbi. Mzee Vuai anataka na yeye, na hana ugonjwa wowote.

Maneno yameongezeka. Ana "maji", ana "uzi", ana "basi". "Basi" analitumia zaidi, na zaidi kwangu. Jana baada ya isha alikaa na rula akawa anajipima mguu, goti hadi kisigino, kisigino hadi kidole, halafu akaniwekea rula mkononi akasema, "Kiuyu." Nikamwambia Kiuyu kuna nini? Akapandisha kanzu akajionesha chini ya goti, akafanya kama mtu anayepakata mtoto. Ndipo nikafahamu. Yule mama naye atanyang'anywa mkanda Disemba, miezi mitatu yake ikisha, apewe mwengine. Mmanga anataka kumshonea wa kwake uwe tayari kabla.

Kwa hiyo nenda kwa Ahmada Alkhamisi, umpime Bi Mwanawema mguu. Goti hadi kisigino, unene wa muundi, na urefu wa kiatu. Muulize na rangi gani anapenda, ni mwanamke.

Vipimo vilete mwenyewe. Mabruki nimeshamwambia karatasi yako akipewa asiipokee. Ijumaa skuli yenu inafungwa mapema, utafika kabla ya alasiri, na chumba cha uani nimekifagia.

Mwatum Bakar